Vidole Viwili Kati ya Ngara na Kamembe

Mimi ni fundi cherehani. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia kwamba nilifanya kazi uwanja wa ndege wa Kigali mwishoni mwa mwaka wa tisini na nne, hunitazama kama mwanamke aliyesomea mambo ya anga. Sikusomea chochote. Nilikuwa na cherehani ya kukanyaga, mkasi mzito na futikamba iliyofutika namba za mwanzo, na vyote nilivipakia kwenye lori kutoka Karagwe, Tanzania, tulikokulia sisi watoto wa wakimbizi, nikaja navyo mpaka Kicukiro. Nilikuja na mama yangu. Baba tulimwacha huko, kaburini.

Kigali ya miezi ile sitaki kuieleza sana. Mauaji yalikuwa yamekoma, lakini mji ulikuwa bado unanuka, na watu walitembea katikati ya barabara badala ya pembeni, kwa sababu hakuna aliyejua kwenye majani kuna nini. Niliweka cherehani barazani nikangoja wateja. Wateja gani? Nani alikuwa na moyo wa kushona gauni? Kwa wiki mbili nilishona mapazia mawili, na vilivyobaki vyote vilikuwa sanda.

Kazi ya uwanja wa ndege niliipata kwa sababu ya viti. Kulikuwa na shirika dogo lenye ndege moja ya injini mbili, la kubeba dawa, wauguzi na watoto waliopotezana na ndugu zao. Viti vya ndege ile vilikuwa vimechanika mpaka sponji inaonekana. Nikaitwa. Nilivishona vyote vinane kwa siku mbili, nimekaa chini kwenye lami kivulini mwa bawa. Rubani alikuwa Mkenya, mtu mzima mwenye mvi, suruali yake imepigwa pasi hata siku ambazo mji mzima hauna umeme. Alikuja akavuta mshono wangu kwa ukucha. Haukuachia. Akaniuliza kama najua kusoma ramani.

"Ramani sijui, kapteni," nikamwambia. "Lakini kipimo nakijua."

Alicheka, nikaudhika kidogo, maana sikuwa nimefanya mzaha. Kumbe alikuwa anatafuta mtu wa kukaa ofisini, anayejua Kiswahili na Kinyarwanda, wa kupokea maombi ya safari na kuandika kila safari ina umbali gani na itachukua dakika ngapi. Aliyekuwa akifanya kazi hiyo zamani hakuwepo tena. Hakuna aliyeuliza yuko wapi. Siku hizo hatukuulizana hivyo.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha lililozibwa kwa karatasi ya nailoni, na ramani kubwa ukutani. Rubani alinifundisha kwa robo saa. Kwenye ramani ile sentimita moja ilikuwa kilomita kumi. Ndege yake ilikwenda kilomita nne kwa dakika moja. Basi, elimu yangu ya anga iliishia hapo. Nilitoa futikamba yangu, nikatoa uzi mweusi na pini, nikaanza kazi. Mahali ambapo ndege haikuruhusiwa kupita moja kwa moja, nilichoma pini nikaupindisha uzi, kama unavyozungusha shingo ya gauni, halafu nikaunyoosha uzi juu ya futikamba. Rubani alinipa jina papo hapo: Fundi. Mpaka anaondoka Kigali hakuwahi kuniita kwa lingine.

Sasa nieleze kosa langu, maana bila hilo hadithi hii haina kichwa wala miguu.

Mama yangu ndiye aliyenifundisha kushona, nikiwa na miaka tisa. Kitu cha kwanza alichonifundisha si kutunga uzi wala kukanyaga cherehani. Alichukua mkono wangu, akalaza vidole vyangu viwili kando ya mstari wa chaki, akasema: "Hapa ndipo unapokata. Si kwenye mstari. Mtu hunenepa, mtu hubeba mimba, kitambaa hupungua kikifuliwa. Ukikata kwenye mstari umemnyima mtu nafasi ya kuishi." Tangu siku hiyo sijawahi kukata kwenye mstari. Mkono wenyewe hauwezi.

Basi na kwenye ramani sikukata kwenye mstari. Kila nilipopima uzi, nililaza vidole viwili mwishoni, nikahesabu kutoka hapo. Vidole viwili vyangu ni sentimita tatu na nusu. Kwenye ramani ile hizo ni kilomita thelathini na tano, kama dakika tisa za kuruka. Sikumwambia mtu. Sikuona kama ni siri. Unamwambia nani kwamba unapumua? Na rubani alifurahi. "Fundi, dakika zako hazinipunguki hata siku moja," alisema. Nilivimba kichwa, nakiri. Katika mji ambao kila kitu kilikuwa kimepungua, kwangu dakika zilizidi.

Sikujua kwamba yeye huchukua dakika zangu, akazigeuza kuwa mafuta, halafu akaongeza akiba yake mwenyewe juu. Na kila lita ya mafuta ina uzito, na ndege ile ilikuwa na kikomo cha kilo, na mafuta yakizidi lazima kitu kingine kishuke. Nilikuwa nikimsikia akisema, "Leo tuache katoni tatu," au, "Leo muuguzi mmoja angoje." Niliandika. Nilidhani ndivyo ndege zilivyo.

Mwezi wa pili wa kazi yangu ndipo ile karatasi ilipofika nyumbani. Ililetwa na watu waliokuwa wakitafuta ndugu waliopotezana. Ilikuwa karatasi ndogo, imeandikwa na sista wa parokia moja karibu na Kamembe, kule mwisho wa nchi, kando ya ziwa Kivu. Maneno yalikuwa ya mama mkubwa, dada yake mama: "Niko hai. Miguu imevimba na moyo umechoka. Nimesikia umerudi. Njoo."

Mama alikuwa amekaa kwenye ngazi akichambua mchele. Nilimsomea. Aliniambia nisome tena. Nikasoma. "Neno la mwisho tu," akasema. Nikasoma: "Njoo." Akaendelea kuchambua mchele, lakini alikuwa anatupa mchele na kuacha mawe.

Lazima mjue jambo moja. Mama alizaliwa katika nyumba ya watoto tisa, upande wa Kibungo, mashariki. Yeye alikimbilia Tanzania mwanzoni mwa miaka ya sitini, mimi nikiwa mgongoni. Wengine walibaki. Tuliporudi alikwenda kwenye kilima chao, akarudi siku ile ile, hakusema alichokiona, na mimi sikumuuliza. Huyu dada mmoja ndiye aliyekuwa ameolewa mbali, ng'ambo ya msitu mkubwa, na huo umbali ndio uliomwokoa. Siku ya kuondoka kwa bibi harusi, mama alimsindikiza mpaka barabarani, akarudi nyumbani. Hiyo ndiyo mara ya mwisho waliyoonana. Miaka thelathini na kitu. "Mukuru wanjye," alikuwa akisema peke yake jikoni, yaani dada yangu mkubwa, kama mtu anayejaribu nguo ya zamani kuona kama bado inamtosha.

Kwa gari haikuwezekana. Mabasi hayakuwepo, malori yalilala njiani msituni, na nyonga ya mama ilikuwa imeharibika. Lile lori la kutoka Karagwe lilimlaza wiki tatu. Dada yake naye hakuwa wa kubebwa. Ilibaki ndege, na ndege ilikuwa kwenye meza yangu.

Ombi lilikuja wiki ile ile. Watoto sita wa pande za Kamembe walikuwa wamepatikana Ngara, Tanzania, karibu na kambi, na ndugu zao wanawangoja. Ndege iondoke Kigali iende Ngara, ibebe watoto na mlezi mmoja, iwapeleke Kamembe, kisha irudi Kigali. Ngara kwenda Kamembe! Nilitafuta kwenye daftari la mtu yule wa zamani, hakuwahi kuandika safari hiyo. Viwanja viwili vya udongo, kila kimoja pembeni mwa dunia yake, hakuna aliyewahi kuwa na haja ya kutoka kimoja kwenda kingine. Nilichoma pini Ngara, nikachoma pini Kamembe, nikavuta uzi. Ukapita juu ya Burundi, ambako wakati ule hatukuwa na ruhusa. Nikachoma pini ya tatu juu yake na kuupandisha uzi. Sentimita ishirini na moja na nusu. Nikalaza vidole viwili. Kigali kwenda Ngara, nikalaza viwili. Kamembe kurudi Kigali, viwili tena.

Watu saba, viti vinane. Nikamwendea rubani nikamweleza habari ya mama yangu. Alinisikiliza akiwa ameshika kofia.

"Kiti cha nane ni cha mama yako," alisema. "Uzito ukikubali. Abaki kule, tutamrudisha safari ijayo."

Alipiga redio Kamembe mwenyewe akawaambia masista kwamba mdogo mtu anakuja.

Nyumbani nilimweleza mama safari, na nikamwambia jambo lililomchekesha. Saa za Tanzania ziko mbele ya zetu kwa saa moja, na kutoka Ngara mpaka Kamembe ni karibu saa moja angani. "Kwa hiyo mkiruka Ngara saa nne, mnatua Kamembe saa nne."

"Saa nne ile ile?"

"Ile ile."

"Weee! Basi hiyo safari haina muda," mama akasema. Alicheka mpaka akashika nyonga yake. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu tuvuke mpaka. Baadaye nilimsikia akimweleza jirani kwenye uzio, kwa fahari, kwamba yeye anakwenda kwa dada yake kwa safari isiyokula hata dakika moja ya mtu.

Asubuhi ya siku yenyewe alivaa gauni la bluu nililomshonea mwaka ule baba alipofariki, akafunga kitambaa, akachukua kikapu. Uwanjani rubani alimpandisha kwenye mizani ya mizigo, akimshika mkono kama mama yake mwenyewe. Kilo arobaini na moja, na gauni na kikapu. Tulicheka, hata mama. Rubani akaenda kuegemea bawa na karatasi yangu, akajumlisha. Akajumlisha tena. Akaniita pembeni.

"Fundi, Ngara hakuna mafuta. Kamembe hakuna mafuta. Lazima nibebe ya mzunguko wote kutoka hapa. Kwa hizi dakika zako, nikishapakia watoto Ngara, tumezidi kilo thelathini. Ule uwanja ni mfupi, na kuna joto." Alitazama chini. "Mama hapandi."

Nilikitazama kikapu cha mama.

"Kile kikapu nimekitoa kwenye hesabu, na mikoba ya watoto pia. Bado ni hizo thelathini." Halafu akaniuliza swali ambalo mpaka leo nalisikia nikiwa nakanyaga cherehani. "Hizi dakika umezipima sawasawa?"

Jamani. Neno lilikuwa mdomoni. Kapteni, nimeongeza vidole viwili kila mahali. Maneno sita. Lakini niliwaza: nikisema, atauliza tangu lini. Atajua kwamba kila karatasi niliyompa tangu siku ya kwanza ilikuwa na uongo wa dakika tisa. Atasema nitoke. Na nikawaza pia kwamba mama yangu anapanda kitu kile, kinapita juu ya milima ile, na mimi nimkatie kwenye mstari? Mama yangu mimi? Nimejiambia miaka mingi kwamba hofu ya pili ndiyo iliyonifunga mdomo. Ningependa iwe hivyo. Lakini nikisema ukweli, ile iliyotangulia ilikuwa hofu ya kazi.

"Nimepima, kapteni," nikasema.

Alimwendea mama akapiga goti moja kwenye lami, suruali yake ile ya pasi, akamweleza, na kwamba safari nyingine ya Kamembe ni baada ya wiki mbili. Mama aliitikia kwa kichwa taratibu kama mtu anayeambiwa bei. "Yego," alisema, sawa. "Watoto watangulie. Mimi ni mtu mzima." Alipoona machozi yangu alinikemea: "Unalia nini? Nimengoja miaka yote hiyo, wiki mbili zitanishinda?"

Ndege iliondoka. Kiti cha nane nilikiona dirishani, kile nilichokishona kwa mkono, hakuna mtu.

Nilitaka kumrudisha nyumbani akakataa katakata. Alikaa kwenye benchi nje ya ofisi yangu, mikono juu ya kikapu, toka saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana. Alisema atangoja ndege irudi, amuulize rubani kama amemwona dada yake. Mimi niliingia ofisini nikaketi chini ya ramani. Sikuthubutu kuitazama.

Iliporudi, rubani alishuka na chupa ya chai mkononi, ile ya maua mekundu ubavuni. Alimpa mama kabla ya kusema neno. Halafu akamweleza, na mimi nikawa natafsiri pale Kiswahili chake cha Nairobi kilipomshinda mama. Masista walikuwa wamembeba dada mtu kwenye machela mpaka kando ya uwanja, wakamlaza kwenye majani, kwa sababu alikataa kungojea kitandani. Milango ilipofunguliwa aliwatazama watoto wakishuka mmoja mmoja. Alingoja mpaka mlezi akashuka. Akangoja tena. Rubani ndiye aliyemwendea. Hakulalamika. Alimpa chupa akasema: mpelekee mdogo wangu, mgeni hupokewa kwa maziwa, na yeye amekuwa mgeni wangu tangu asubuhi.

Wakati ule ng'ombe walikuwa wamechinjwa karibu wote. Sijui maziwa yale yalitoka wapi.

Mama alifungua chupa, akamimina kwenye kifuniko. Mvuke ukatoka. Alikunywa kidogo, akanitazama kama mtu aliyeshtuka.

"Ya moto," alisema. "Mwanangu, bado ni ya moto. Kumbe ni karibu hivi?"

Rubani aliniita kwenye ndege. Alikuwa amechovya kijiti cha kupimia mafuta ndani ya tangi, na alikuwa amekishika wima mbele yangu, unyevu umepanda juu kuliko kawaida.

"Akiba yangu imo yote, sijaigusa," alisema. "Juu yake zimebaki lita hamsini. Hizo ni kama kilo thelathini na sita. Kila siku naona mafuta yanabaki nikasema ni upepo, ni bahati. Leo nimetazama saa kila kituo. Hizi dakika ni za nani, Fundi?"

Nilimwonyesha vidole vyangu. Nilimweleza yote, chaki, mstari, mtu hunenepa. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilitamani anifokee. Nikifokewa huwa najua la kujibu.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Alifuta kijiti kwa kitambaa, muda mrefu, kikiwa kimeshakauka. "Akiba ni kazi yangu," alisema hatimaye. "Wewe nipe njia ilivyo. Kila safari tumeacha mtu, Fundi. Au dawa ya mtu." Hakusema zaidi ya hapo, na hakunifukuza. Kesho yake nilipima upya njia zote ukutani, mikono miwili ikishika uzi ili vidole visipate nafasi ya kulala. Nilipomaliza nilichukua daftari nikasoma majina niliyoandika mwenyewe: angoje, angoje, angoje. Nililia kwa uchungu, na kwa aibu pia.

Mama sikumwambia. Alikuwa na furaha, nawezaje kumwambia? Aliosha chupa ile akaiweka dirishani, akawa anahesabu siku. Injini moja ilikuwa imefunguliwa kwa matengenezo, na kipuri kilikuwa kinatoka Nairobi. Siku ya tisa redio ya Kamembe iliita. Mimi ndiye niliyepokea. Sista alisema kwa Kinyarwanda, polepole, neno moja moja kwa sababu ya mikwaruzo, kwamba mama mkubwa amelala asubuhi ile na hakuamka. Akasema, "Ihangane", jikaze, uvumilie. Nikamjibu asante. Nikaandika saa kwenye daftari, kwa mazoea.

Nilitembea kwa miguu kutoka uwanjani mpaka Kicukiro. Mama alikuwa uani. Aliona uso wangu akajua, akakaa chini pale pale kwenye udongo, gauni na yote. Nilikaa naye. Majirani walikuja, wakaketi, wakaondoka, wakaja wengine. Siku tatu nilistahimili. Siku ya nne, tukiwa peke yetu tunachambua maharage, nilimwambia.

Nilimwambia kila kitu, kwa mpangilio, kama ninavyowaambia nyinyi. Kwamba kiti kilikuwepo. Kwamba mafuta yaliyozidi yalikuwa kilo thelathini na sita, na alizokosa yeye zilikuwa thelathini. Kwamba niliulizwa nikasema uongo. "Ni mimi niliyekushusha, mama. Si ndege. Ni vidole vyangu hivi."

Aliendelea kuchambua mpaka nikaanza kusikia maharage yanavyoanguka kwenye ungo. Halafu akauchukua mkono wangu wa kulia, akaugeuza, akautazama kama kitu alichokipoteza zamani. Akavilaza vidole vyangu viwili juu ya goti lake.

"Nani alikufundisha hivi?" aliuliza.

Nilivitazama vidole.

"Nimekuuliza. Nani?"

"Wewe, mama."

"Haya," alisema. Alianza kulia, kwa mara ya kwanza tangu habari ile ifike, kwa sauti, mdomo wazi, bila kuuachia mkono wangu. Hakuniambia kwamba amenisamehe, na sikumwomba. Kuhusu ule uongo niliomwambia rubani hakusema neno, siku ile wala baadaye, na huo ndio uliobaki kwangu peke yangu.

Injini ilipofungwa, safari ya kwanza ilikuwa Kigali kwenda Kamembe moja kwa moja, na kurudi. Nilipima. Sentimita kumi na nne na milimita nane. Dakika thelathini na saba, nikaandika thelathini na saba. Mama alipimwa, akapanda, akaketi kiti cha nane. Mapajani alikuwa na ile chupa, imejaa maziwa niliyoyahangaikia tangu alfajiri mpaka Niboye kwa mwenye ng'ombe mmoja aliyetoka Uganda. Chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Hilo hata vita havikulifuta.

Nilisimama nje nikitazama mpaka ndege ikapotea. Mkono wangu ulikuwa kwenye mfuko wa gauni, umekunjwa ngumi.

Alirudi alasiri. Alishuka polepole, rubani kamshika kiwiko, akaja mpaka nilipokuwa akanipa chupa. Ilikuwa nyepesi. Nilimuuliza kama ameliona kaburi. Alisema masista walimpeleka, udongo bado haujatitia. Alimimina kifuniko kimoja pale, na kimoja akanywa yeye, kwa sababu ndivyo wangefanya.

"Yalikuwa bado ya moto," alisema.

Tulianza kutembea kuelekea lango. Katikati ya njia alisimama kupumzisha nyonga.

"Kwenye karatasi uliandika dakika ngapi?"

"Thelathini na saba, mama."

"Nilikuwa natazama saa ya rubani tangu magurudumu yalipoachana na ardhi," alisema. "Ni thelathini na saba."